Kilio cha Mbwa Aliyeachwa Peke Yake

Barua nyingi ziletwazo kwa Katibu wa Chama chetu zahusu mishahara, likizo na uhamisho, na hizo twajua namna ya kuzijibu. Lakini siku hizi zaletwa na barua za namna nyingine. Mlalamikaji asema kwamba jirani yake, naye ni mtumishi mwenziwe, akisha kufunga mlango asubuhi kwenda kazini, mbwa wake huanza kubweka na kulia, wala hanyamazi. Aliyekesha katika zamu ya usiku hapati usingizi. Mama mwenye mtoto mchanga hana raha. Wako watakao Chama kimwamuru mwenye mbwa amwondoe. Mmoja ataka mbwa apigwe, na ametuandikia mithali ya mchelea mwana kulia. Tena twasikia maneno ya sumu yakinong'onwa. Kwa watu wakaao ukuta kwa ukuta, jambo hili si dogo.

Twaomba ndugu zetu watambue kwanza kwamba kubweka si kwa namna moja. Yuko mbwa abwekaye kwa kuwa amemwona mpita njia au amesikia lango likifunguliwa. Huyo afanya ulinzi wake, na akizuiwa asiione njia hupunguza kelele. Na yuko aliaye kwa kuwa ameachwa. Huyu huanza mara bwana wake aondokapo, mara nyingi kabla nusu saa haijapita. Huukwaruza mlango ule ule aliopita bwana wake, hutokwa na mate, hukojoa ndani ingawa amefundishwa, wala hagusi chakula alichoachiwa. Mwenye mbwa hayaoni hayo, maana yuko ofisini, na jioni hupokewa kwa mkia. Ndiyo sababu akiambiwa hukana kwa kiapo. Basi na aiache simu chumbani irekodi saa ya kwanza, ndipo atakapojua kwamba jirani hakumzulia.

Mbwa wa namna hii ana hofu, wala si mkaidi. Mnyama huyu amekaa na wanadamu tangu zamani sana: huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914, mifupa ya mbwa ilifukuliwa katika kaburi pamoja na ya mwanamume na mwanamke, nayo ina umri upatao miaka 14,000. Vizazi kwa vizazi watu wamependa mbwa ashikamanaye nao, kisha twashangaa akilia tumfungiapo!

Fimbo ya jioni haifai kitu. Mbwa hawezi kuiunganisha na kelele za saa mbili asubuhi. Ajifunzalo ni kuogopa kurudi kwa bwana wake, na hofu ikizidi, kilio nacho huzidi. Kumfungulia azurure ni hatari kwetu sote, kwani Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hata 99 katika kila watu 100 wapatwao na kichaa cha mbwa waliambukizwa na mbwa.

Dawa iko, ila yataka subira. Toka nje kwa nusu dakika, ukarudi kabla hajaanza kulia. Baadaye dakika moja, kisha mbili, tano, kumi. Akilia, umekwenda upesi mno, punguza. Chukua ufunguo na kofia mara kwa mara bila kwenda po pote, hata vitu hivyo visiwe tena kwake habari ya kuachwa. Mtembeze alfajiri kabla ya kazi. Hofu ikiwa kubwa mno, daktari wa mifugo aweza kumpa dawa. Kazi hii huchukua majuma, pengine miezi, na katika muda huo mbwa asiachwe kupita awezavyo kuvumilia. Hapo ndipo jirani ahitajiwapo: mstaafu ashindaye nyumbani aweza kukaa naye, na mwenye mbwa asimwendee mikono mitupu.

Kwa hiyo Kamati haitapeleka malalamiko ya mbwa kwa mkuu wa idara ye yote kabla mlalamikaji hajabisha hodi kwa mwenziwe. Sisi makarani twapenda mno barua. Nakala kwa huyu, nakala kwa yule, na wahusika wakaa hatua kumi tu. Naye abishiwaye hodi asitoke na matusi. Na awazaye sumu akumbuke kwamba watoto wetu wacheza katika ua ule ule.

Mwanachama awaye yote ambaye nyumbani mwake yuko mtu mchana, naye yu radhi kumwangalia mbwa wa jirani, na ampe Katibu wa tawi jina lake kabla ya mkutano wa mwezi ujao.