Jasho la Mbunifu wa Tetris

Juma hili niliiacha kando michezo mipya ya video, ambayo mingi hudai fedha kila baada ya hatua chache, nikaurudia Tetris katika kikasha changu cha zamani. Vipande huanguka, nawe huvipanga visiache pengo; basi. Mama watoto aniita mtoto wa tano, nami sina hoja ya kumjibu.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtumishi wa Akademia ya Sayansi ya Kisovieti mjini Moscow. Kompyuta yake haikuweza kuchora picha, hivyo vipande alivijenga kwa alama za mabano! Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo iliuuza pamoja na kikasha chake cha Game Boy, nao ukaenea duniani kote. Na mapato je? Haki zilikuwa mikononi mwa serikali. Mbunifu mwenyewe alianza kupata mgawo wake mwaka 1996, baada ya miaka 12.

Wapo wasemao kuwa aliutunga katika saa za kazi, kwa mashine ya mwajiri. Kweli, lakini fikra ilikuwa yake, na mgawo mdogo tangu mwanzo usingemfilisi mtu.