Azima kwanza, usikimbilie kukopa
Wadau, mwaka jana nilikopa laki tatu kwenye kikoba, nikanunua taa na kamera ya kupigia picha viatu. Picha zikatoka kali. Viatu vya kuuza sasa, sina! Hela yote imeishia kwenye taa.

Ndiyo maana namkubali Roger Corman, yule Mmarekani. Filamu ya kwanza aliyoisimamia kama prodyuza, Monster from the Ocean Floor (1954), inahusu dude la baharini linaloua watu, na mtaji wake ulikuwa kiduchu. Akasoma gazetini kwamba kampuni ya Aerojet General ina nyambizi ya mtu mmoja. Akawafuata: niazimeni, mimi nitaionyesha kwenye filamu. Wakampa bure! Lori la vifaa akaendesha mwenyewe.

Dude lenyewe, tuseme ukweli, ni kama pweza wa jicho moja, linachekesha. Lakini nyambizi ni ya kweli, na ndiyo inayolichoma lile jicho. Filamu ikauzika, akatengeneza nyingine.

Mimi siku hizi picha napigia saluni kwa dada jirani, ana kioo na mwanga mzuri. Kila posti namtaja. Wateja wawili wa kusuka wameshaenda kwake kupitia mimi. Deni la kikoba bado nalipa, imebaki laki na nusu.