Jina la Kuitwa na Jina la Kutambuliwa: Funzo kwa Mfasiri wa Tarakilishi

Wanachama wenzangu, imekuwa desturi katika idara zetu kupima maendeleo ya Kiswahili katika teknolojia kwa wingi wa istilahi. Tunabishana iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, tunatunga orodha ndefu, kisha tunazihifadhi kabatini. Nionavyo mimi, mjadala huo una nafasi yake, lakini umetusahaulisha swali la msingi zaidi: neno hilo litakaa wapi, na litafanya kazi gani huko?

Swali hili sikulipata vitabuni. Wakati mmoja nilijitolea kufasiri faili fupi ya programu ya mfumo wa Linux. Faili za aina hiyo, ambazo majina yake huishia kwa .desktop, huueleza mfumo jina la programu, ikoni yake na amri ya kuianzisha. Kwa ari ya mwanafunzi aliyetoka darasa la tafsiri, nilifasiri kila kilichofasirika, pamoja na mstari wa StartupWMClass. Nilipobofya ikoni, programu ilifunguka vyema, ila dirisha lake halikukaa chini ya ikoni niliyoibofya. Ikoni ya pili, isiyo na sura ya programu hiyo, ilichomoza kando yake mithili ya mgeni asiye na mwenyeji.

Sababu ni hii. Mfumo unapoianzisha programu, haujui kwa yakini ni madirisha yapi yatakayotokana nayo, kwa kuwa amri moja yaweza kuita nyingine. Kwa hivyo kila dirisha hujitambulisha lenyewe. Katika mfumo wa madirisha wa X, ulioasisiwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, kitambulisho hicho huitwa WM_CLASS. Katika Wayland, uliochukua nafasi ya X katika mazingira mengi ya Linux, huitwa app_id. Mfumo hukilinganisha na mstari wa StartupWMClass au na jina la faili yenyewe. Vikilingana, dirisha huwekwa chini ya ikoni yake. Visipolingana, dirisha huwa yatima. Jina la faili yangu halikufanana na kitambulisho cha dirisha, na mstari wa pekee uliokuwa ukiviunganisha ndio huo nilioufasiri!

La kutia moyo ni kwamba waliobuni utaratibu huu walitutengea nafasi. Mstari wa Name[sw] upo mahususi kwa jina la Kiswahili, nao waweza kubadilishwa mara mia bila kuvuruga ulinganishaji. Sisi wanafasihi hatupaswi kushangazwa na hilo. Mhusika wa riwaya aweza kupewa lakabu tatu na msomaji asimpoteze, maadamu mwandishi hajavuruga kile kinachomfanya mhusika huyo awe yeye. Jina la kuitwa hufasiriwa. Jina la kutambuliwa huachwa lilivyo. Mfasiri asiyetofautisha haya mawili huharibu kazi aliyokusudia kuitengeneza.

Wapo watakaodai kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Fundi anajua mstari usiopaswa kuguswa, lakini si yeye wa kuamua iwapo "kihariri matini" litaeleweka na karani wa Garissa au mwalimu wa Kwale. Hiyo ni kazi yetu, na hatuwezi kuifanya tukiwa mbali na faili yenyewe. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ushahidi kwamba vyuo vya Afrika Mashariki vinaweza kuzifikisha istilahi kwenye skrini ya mtumiaji.

Napendekeza basi kwamba kila mwanafunzi wa tafsiri apewe faili hai aifasiri, aiendeshe mbele ya mhadhiri wake, na alama zitolewe kwa usanifu wa lugha na vilevile kwa utendakazi. Chama chetu kiwaalike wenzetu wa sayansi ya tarakilishi katika zoezi hilo. Pengine watatucheka ikoni ya pili itakapochomoza. Na watucheke, mradi tujifunze. Kwani istilahi iliyofungiwa kabatini haijamfaa mzungumzaji yeyote wa Kiswahili.