Mzazi, Televisheni na Sauti ya Mtafsiri

Jua linapotua Katoro, mji wa biashara uliomo katika ukanda wa dhahabu wa Geita, wachimbaji hurejea kutoka machimboni, wachuuzi huwasha taa mbele ya bidhaa zao, na katika nyumba zenye umeme televisheni huanza kusema. Aghalabu huo ndio wakati mzozo unapozuka. Baba anaamuru mchezo wa mieleka uzimwe. Mama anakataza tamthilia ya mapenzi iliyotoka Uturuki na kutiwa sauti za Kiswahili. Mtoto hajibu. Anatoka uani kama anayekwenda kujisaidia, na punde si punde amekwisha kuketi kwenye benchi la banda la video, ambako kwa sarafu chache huyaona yaleyale aliyokatazwa nyumbani, na pengine yaliyo makali zaidi.

Haki ya mzazi kukataza haina ubishi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mwanawe na hatari za kimwili na za kimaadili, na wahenga walikwisha kusema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini haki ya kutoa amri ni jambo moja, na matokeo ya amri ni jambo jingine. Je, mtoto aliyekatazwa kipindi huwa amelindwa kweli, au amehamishwa tu kutoka chumba kimoja hadi kingine? Hilo ni swali linaloweza kupimwa, na wanasayansi wamekuwa wakilipima kwa zaidi ya miaka 60.

Kabla ya kumtazama mzazi mmoja mmoja, yafaa kukumbuka kwamba Tanzania yenyewe iliwahi kuwa mzazi wa namna hii. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi. Lakini Tanzania Bara iliendelea bila kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Serikali ilikihesabu chombo hicho kuwa anasa isiyolingana na mahitaji ya nchi maskini. Mwaka 1976 ikatungwa sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, iliyoweka utaratibu wa kukagua picha kabla hazijaoneshwa hadharani. Hoja za hatua hizo hazikuwa dhaifu. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 mikanda ya video ilipenya mijini, na watu wakakusanyika sebuleni na mabandani kutazama sinema za Kihindi, za karate na za vita, ambazo mkaguzi hakuweza kuzifuatia zote. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, lakini dirisha la nyuma lilibaki wazi.

Wazazi wanaohofia picha za ukatili hawahofii kivuli. Mwaka 1961, na tena mwaka 1963, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachunguza watoto wa shule ya chekechea. Baadhi yao walioneshwa mtu mzima akimpiga ngumi na nyundo mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa. Na katika jaribio la pili baadhi walimwona mtu huyo katika sinema tu. Baadaye watoto waliachwa wacheze. Wale walioona mapigo walimshambulia mwanasesere zaidi kuliko wale ambao hawakuyaona, na wengine walirudia hata maneno ya mtu mzima yule. Sinema ilikuwa imefundisha pasipo mwalimu.

Itasemwa kwamba mwanasesere si binadamu, na chumba cha majaribio si mtaa. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana uchunguzi mwingine ulifanywa nje, katika maisha ya kawaida. Huko Kanada palikuwa na mji mdogo uliozungukwa na milima, ambao mawimbi ya televisheni hayakuufikia hadi mwaka 1973. Watafiti wakiongozwa na Tannis MacBeth Williams waliupa jina la bandia la Notel, wakaulinganisha na mji uliokuwa na kituo kimoja na mwingine uliokuwa na vituo kadhaa. Waliwatazama watoto wakicheza kabla televisheni haijafika, kisha wakawatazama tena baada ya miaka miwili. Katika Notel, kupigana na kutukanana kuliongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1986.

Lau uchunguzi ungeishia hapo, amri ya kuzima ingekuwa hitimisho lililo wazi. Lakini mwaka 1995 televisheni ya setilaiti ilifika katika kisiwa cha St Helena, kilichomo ndani kabisa ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, chenye wakazi wapatao 5,000. Watafiti kutoka Uingereza, wakiongozwa na Tony Charlton, waliweka kamera katika viwanja vya shule na kulinganisha michezo ya watoto kabla na baada ya televisheni. Vipindi vyenye ukatili havikukosekana, lakini utovu wa adabu uwanjani haukuongezeka kama ilivyohofiwa.

Vipi chombo kimoja kilete matokeo mawili? Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuwa mwangalifu hapa, kwa maana miji hii miwili haikulingana katika kila jambo, wala mbinu za utafiti hazikuwa zilezile. Lakini watafiti wa St Helena walitoa maelezo yanayostahili kupimwa: katika kisiwa kile kila mtoto anajulikana kwa kila mtu mzima, na nyumba, shule na kanisa hushirikiana kumwangalia. Picha ilimfikia mtoto aliyekwisha kuzungukwa na watu wenye kumwambia lipi ni jema na lipi ni baya.

Maelezo hayo yanaafikiana na jaribio la zamani lililofanywa na David Hicks mwaka 1968. Aliwaonesha watoto picha za ukatili wakiwa wameketi pamoja na mtu mzima. Kwa watoto wengine mtu mzima huyo aliyasifu matendo waliyoyaona. Kwa wengine aliyalaumu. Baadaye, akiwa angali chumbani, waliosikia sifa waliiga zaidi, na waliosikia lawama waliiga kidogo. Mtu mzima alipoondoka, tofauti hiyo haikudumu. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba maneno yanayoandamana na picha yanaweza kubadili kile ambacho mtoto atakitenda. La pili ni kwamba neno lililosemwa mara moja halitoshi. Lazima lirudiwe hadi liwe mali ya mtoto mwenyewe.

Sasa na turudi katika banda la video. Anayelijua banda la Kitanzania anajua kwamba filamu ya kigeni haioneshwi kimya. Juu yake huwekwa sauti ya mtafsiri, kazi iliyompatia umaarufu Lufufu na wengine waliomfuata. Mtafsiri hatafsiri maneno tu. Huwabatiza wahusika majina ya mtaani, humsifu shujaa, humdhihaki anayeomba huruma, na huongeza mzaha pale damu inapomwagika. Sanaa hiyo ina ufundi wake, na imewafungulia mlango watu wengi wasiojua Kiingereza wala Kichina. Lakini kwa mtoto wa miaka 9 aliyetoroka nyumbani, sauti hiyo ndiyo yenye kumweleza maana ya anayoyaona. Kwa lugha ya jaribio la Hicks, yeye ndiye mtu mzima aliyeketi kando ya mtoto.

Hapa ndipo kosa la mzazi anayekataza tu linapodhihirika. Hakumnyima mtoto picha. Amemnyima mfasiri mwema wa picha hiyo, na nafasi yake ikashikwa na mtu asiyemjua mtoto wala kuwajibika kwake. Utafiti wa Amy Nathanson, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, ulionesha kwamba vijana waliowekewa makatazo mengi na wazazi wao ndio waliokuwa na mwelekeo wa kutazama vipindi vilivyokatazwa wakiwa na marafiki, na kuwa na fikra zisizo nzuri sana juu ya wazazi hao. Yamkini pia wazazi wa vijana wakorofi ndio wanaokataza zaidi. Uhusiano wa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo, onyo hilo linafanana mno na yanayoonekana Katoro kila jioni.

Katika mji wa dhahabu hatari huongezeka, kwa sababu kiingilio cha banda hutaka fedha. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi katika machimbo madogo ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakichimba, wakiponda mawe na kushika zebaki. Mtoto mwenye kiu ya sarafu mahali kama hapo hana haja ya kwenda mbali kuitafuta. Amri iliyotolewa sebuleni bila maelezo inaweza kumsogeza kwenye karasha na kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu.

Haya yote hayamaanishi kwamba kila kipindi kiachwe huru. Kwa mtoto mdogo, katazo lina nafasi yake kamili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto wa umri huo hana hoja ya kujadili wala miguu ya kumfikisha bandani. Lakini kadiri anavyokua, amri ipungue na mazungumzo yaongezeke. Wala si haki kukataza bila kutoa badala. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba watoto waliotazama Akili and Me, katuni iliyotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, waliwapita wenzao katika kutambua maumbo na tarakimu na katika kuhesabu. Kioo kilekile kinaweza kufundisha ngumi, na kinaweza kufundisha hesabu.

Mzazi wa Katoro atauliza: wakati wa kuketi na mtoto utatoka wapi, ilhali baba yumo duarani na mama yuko sokoni hadi usiku? Swali ni zito, na jibu halitakuwa kamili. Lakini robo saa ya kuuliza “yule alipigwa kwa kosa gani, na wewe ungefanyaje?” haihitaji mzazi atazame kipindi kizima. Na pale mzazi asipokuwapo, mwalimu yupo.

Shule ya sekondari inaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo la sayansi. Kwa wiki moja kila mwanafunzi na aandike katika daftari, bila kutaja jina lake, alichotazama, mahali alipotazama, aliokuwa nao, na aliyemweleza maana yake. Hesabu zijumlishwe darasani, majedwali yachorwe, na wanafunzi wajadili ni jambo gani takwimu zao zinathibitisha na lipi hazithibitishi. Muhtasari wake upelekwe katika mkutano wa wazazi. Bila shaka watakaoshangaa zaidi ni wale wanaoamini kwamba kwa kuzima televisheni ya nyumbani wamemaliza kazi.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu huo ulikuwa mbali, na mtoto aliufikia kwa safari ndefu. Leo umo sebuleni, umo bandani, na umo katika simu iliyo mfukoni, nao huja na mtafsiri wake. Mzazi na mwalimu hawataweza kuziba madirisha yote. Wanaloliweza ni kuhakikisha kwamba sauti ya kwanza kumweleza mtoto yale anayoyaona ni sauti ya mtu anayempenda.