Sema "Sijaelewa", Kisha Ukate Simu

Mpendwa mwanafunzi wa Kiswahili,

Liko neno moja ambalo nalisikia kwa nadra sana darasani mwangu, nalo ni "sijaelewa". Nimalizapo kufafanua jambo gumu, tuseme upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya U-I, huuliza kama tumeelewana, na madawati yote huitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha hukusanya madaftari, na madaftari hayajui kusema uongo. Kwa miaka kadhaa niliichukulia ile "ndiyo" ya pamoja kuwa kero ndogo ya kazi yangu. Siku hizi naiona kuwa ni hatari, na sababu yake ni simu niliyopigiwa alasiri moja ya likizo, ambayo iliniondolea shilingi 640,000 za Uganda kwa muda usiotimia robo saa.

Aliyenipigia alijitambulisha kuwa ofisa wa benki yangu, idara ya kadi. Alizungumza Kiingereza kile cha ofisini, cha haraka na chenye maneno marefu, akaniita kwa jina langu kamili, akajua hata kwamba mimi ni mwalimu. Alisema kadi yangu imefungwa kwa sababu za usalama, na kwamba nisipothibitisha taarifa zangu kabla ya saa kumi jioni mshahara ujao hautaingia. Ili kunitoa wasiwasi, akanisomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yangu. Niliitoa kadi mfukoni nikazilinganisha, zilikuwa ndizo. Hapo nikamwamini. Nikammalizia tarakimu zilizobaki, nikampa tarehe ya kadi kuisha, nikaigeuza kadi na kumsomea zile tarakimu tatu za nyuma.

Punde ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulikuwa na tarakimu nyingine sita, pamoja na sentensi moja iliyonionya nisimpe mtu yeyote tarakimu hizo. Nilimsomea ujumbe wote, pamoja na onyo lenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba onyo lile linawahusu watu wa nje, si watumishi wa benki. Nikasema ndiyo.

Nilipokaa baadaye kuyakumbuka mazungumzo yale, nilijihesabia "ndiyo" tisa. Kati ya hizo, ni mbili tu nilizozitamka nikiwa nimeelewa ninachokubali.

Nasimulia haya kwa sababu mafunzo mengi tunayopewa kuhusu matapeli huzungumzia mitambo: tarakimu za siri, nywila, programu za kulinda simu. Yote hayo yana faida. Lakini mtu aliyeniibia mimi hakuvunja kufuli lolote. Alitumia sentensi. Nami ninayefundisha sentensi kwa riziki yangu nilizipokea bila kuzichambua, kwa kuwa niliona haya kumwambia mtu wa ofisini kwamba sijamwelewa.

Haya hiyo ina historia yake. Wazee wetu wengi hapa Uganda walikikuta Kiswahili kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani na kambini, katika miaka ya Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwao kilikuwa lugha ya kuamriwa, na aliyeamriwa hakuthubutu kuuliza maana. Ndiyo sababu, hata baada ya baraza la mawaziri kuidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, wapo wazazi wanaoniuliza kwa nini nawafundisha watoto wao lugha ya bunduki. Kiingereza nacho kilikuja na mwenye ofisi. Tumekua tukijua kwamba sauti yenye mamlaka huja kwa lugha isiyo ya nyumbani, na kwamba kumwomba mwenye sauti hiyo arudie alichosema ni kujidhalilisha mbele yake. Tapeli analijua hilo. Hahitaji tuielewe lugha yake. Anahitaji tuone aibu kukiri kwamba hatujaielewa.

Basi na tuzichambue sentensi zake kama tunavyozichambua za kitabu, kwa maana hapa ndipo somo letu linapofaa kitu.

"Kadi yako imefungwa." Hii ni kauli ya kutendwa, na unakumbuka tulivyosema kwamba kauli hii huweza kumficha mtenda. Imefungwa na nani? Lini? Kwa idhini ya nani? Kiambishi -me- nacho kinakueleza kwamba jambo limekwisha kutokea, hivyo huna la kujadili. Maneno matatu tu, na tayari umewekwa katika hali ya mtu aliyepatwa na msiba anayetafuta wa kumwokoa. "Usipothibitisha kabla ya saa kumi..." Hapa kuna masharti ya ukanushi, -sipo-, ambayo mara nyingi hubeba adhabu upande wa pili wa sentensi. Angalia pia kitenzi chenyewe. Hakusema "niambie" wala "nipe", kwani angesema hivyo ningeshtuka. Alisema "thibitisha". Kuthibitisha ni kukubali kwamba kitu kinachojulikana ni cha kweli, kwa hiyo nilidhani anazo taarifa zangu na mimi namsaidia kuzihakiki tu. Kumbe hakuwa nazo. Kila nilichodhani nakithibitisha, nilikuwa namkabidhi.

Na zile tarakimu sita zilizonifanya nimwamini? Hizo si siri hata kidogo. Tarakimu za mwanzo za kadi, sita au nane, humtambulisha mtoaji wa kadi, si mwenye kadi. Kadi za Visa huanza na 4, nyingi za Mastercard huanza na 5, na zinazofuata huonyesha benki iliyotoa. Walimu wenzangu wenye kadi ya aina ileile kutoka benki ileile wana tarakimu zizo hizo mwanzoni. Mtu anayejua benki unayopokelea mshahara anaweza kukusomea tarakimu hizo kama mganga anayekuambia kwamba una ndugu aliyewahi kuugua.

Jina langu pia halikuwa fumbo. Tunaandika majina na namba zetu za simu katika madaftari ya wageni kwenye kila lango la ofisi, mbele ya macho ya kila anayekuja kuandika baada yetu. Na ukianza kumtumia mtu pesa kwa simu, jina la aliyesajili laini hutokea kwenye kioo kabla hujakamilisha. Anayetaka kujua jina la mwenye namba fulani hahitaji jasusi. Hata jina la benki likitokea kwenye kioo chako badala ya namba, bado si ushahidi, kwa sababu mitambo ya kughushi jina la mpigaji ipo na inatumika duniani kote.

Siri halisi ni nyingine. Zile tarakimu tatu za nyuma ziliwekwa ili mtu anayenunua kwa mbali aonyeshe kwamba kadi yenyewe iko mkononi mwake. Zile za ujumbe hutumwa ili mwenye simu akubali malipo fulani ambayo yanafanyika dakika ileile. Ukizielewa kazi hizo mbili, utaona kwamba hakuna ofisa wa benki anayezihitaji kutoka kwako. Benki haiwezi kukuuliza wewe kama kadi iko mkononi mwake! Na tarakimu za ujumbe zikikufikia ilhali wewe hununui kitu, maana yake ni moja: kuna mtu anayenunua.

Jambo lingine nililokuwa silijui ni tofauti kati ya kadi ya mkopo na kadi ya kawaida ya benki, kama hii yetu ya mshahara. Kadi ya mkopo hutumia pesa za benki, nawe hudaiwa mwisho wa mwezi. Mwizi akiitumia, unaweza kulipinga deni kabla hujalilipa. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1970 ilimwekea mwenye kadi ya mkopo kikomo cha dola 50 kwa matumizi ambayo hakuyaidhinisha. Kadi ya mshahara huchota moja kwa moja katika akiba yako. Pesa zinakuwa zimekwisha kuondoka, nawe ndiwe unayezikimbilia.

Najua wengi wenu bado hamna kadi. Mna simu, na simu zina pesa, na sentensi ni zilezile. Ujumbe unaingia kwamba umepokea shilingi 150,000. Mara simu inalia, na sauti ya mtu anayekaribia kulia inasema amekosea kutuma, ni pesa za dawa ya mama yake, umrudishie. Safari hii hutishwi, unaombwa kwa huruma. Kabla hujarudisha chochote, angalia salio lako mwenyewe kwa njia yako ya kawaida, usiutegemee ujumbe ule. Mara nyingi utakuta hakuna kilichoingia, na kwamba utakachokiita kurudisha ni kutoa pesa zako.

Sasa niseme kidogo na upande wa pili, maana si haki lawama yote imwangukie aliyeibiwa. Lile onyo nililotumiwa lilikuwa la Kiingereza, mwishoni mwa ujumbe, limekatwakatwa kwa vifupisho. Mama yangu, anayesoma Kiganda na Biblia yake vizuri sana, asingelijua kuwa ni onyo. Kwa nini anayejua kunitumia matangazo ya mikopo kila wiki ashindwe kunionya kwa lugha ninayoota nayo ndoto? Zaidi ya hayo, nimewahi kupigiwa na mtumishi wa kweli wa benki, naye akaniuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho kabla ya kunieleza shida yake, bila yeye kunithibitishia kwamba ni nani. Tunazoeshwa kujibu. Halafu tunalaumiwa kwa kujibu. Mimi naona benki yoyote inayompigia mteja ingepaswa kumwambia neno moja tu: "Tafadhali tupigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako." Hilo lingegharimu dakika mbili.

Mpaka siku hiyo ifike, fanya hivyo wewe mwenyewe. Kata simu. Tafuta namba nyuma ya kadi au nenda kwenye tawi, usipige ile uliyotumiwa katika ujumbe. Najua wengine wenu mtasema kwamba kumkatia mtu mzima simu ni utovu wa adabu, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini adabu ni ya watu wanaojuana au wanaotaka kujuana. Asiyekuonyesha uso wake na anayekukataza kumuuliza mwenzako aliye karibu hajakuja kwa adabu, hata akikuamkia vizuri namna gani.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuja baada ya simu ile. Nilinyamaza. Pesa zile zilikuwa ada ya mdogo wangu, na nilijiuliza nitamwambiaje kwamba kaka yake, mwalimu, ndiye aliyezisoma tarakimu kwa sauti. Nilikaa siku nne bila kumwambia mtu. Siku ya tatu zikatoka 85,000 nyingine, kwa kuwa yapo maduka ya mtandaoni yasiyodai tarakimu za ujumbe, na kadi yangu ilikuwa bado wazi. Nilipofika benki, dada wa dirishani aliniuliza swali ambalo bado linanichoma: "Mwalimu, mbona hukutuambia siku ileile?" Kuifunga kadi kulimchukua muda mfupi kuliko niliotumia kumsimulia. Polisi waliandika maelezo yangu. Tangu mwaka 2011 tuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, na ulaghai wa namna hii umo ndani yake. Pesa hazijarudi. Mdogo wangu alirudi shuleni wiki tano baadaye, baada ya mimi kukopa kwa walimu wenzangu, na wawili kati yao, waliponisikia, wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba nao walikwisha kupigiwa.

Muhula huu nimeanzisha zoezi jipya katika kidato cha pili. Mimi huwa tapeli, mwanafunzi huwa mwenye simu. Anaruhusiwa kutumia sentensi tatu tu: "Sijaelewa." "Wewe ni nani?" "Nitapiga mwenyewe." Nawatisha, nawabembeleza, nawaamkia kwa heshima zote, nawaambia mama amelazwa. Wiki ya kwanza wengi walianguka, na wote walioanguka walianza kwa kusema "ndiyo". Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Mwalimu, na kama kweli ni benki?" Nikamjibu kwamba benki ina jengo, na jengo halikimbii.

Juzi ilipofika zamu yake, nilijiandaa kwa hadithi ndefu niliyoitunga usiku. Nikasema, "Habari za mchana, mteja wetu mpendwa, kadi yako ime..." Akakata simu. Darasa likacheka, mimi nikabaki na mkono sikioni. Nilimpa alama zote kumi.