Gemu za anga zinatudanganya, na kompyuta mbovu si kisingizio



Juzi nilikuwa kafe nasubiri mashine iwe wazi. Mshkaji wa pembeni anacheza zile gemu za ndani ya brauza, za kupeleka chombo hadi kituo cha anga za juu. Kituo kiko mbele yake, kakanyaga mafuta, kakifikia, pointi kibao. Nikamwambia kaka, kule juu ukifanya hivyo unakikosa. Akanicheka mbele ya watu. Basi ubishi nimeuleta hapa.

Iko hivi. Kituo cha ISS kinazunguka kama kilomita 400 juu yetu, mwendo karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, duara moja dakika 93 hivi. Zile setilaiti za TV ambazo madishi yetu yanazitazama ziko kilomita 35,786, na zinakwenda kama kilomita 3 tu kwa sekunde, duara moja siku nzima. Yaani aliye juu zaidi anakwenda taratibu zaidi. Sasa wewe ukikanyaga mafuta kumfukuza aliye mbele kwenye njia hiyohiyo, njia yako inapanda, duara linarefuka, unazidi kuachwa. Ukitaka kumpata unapunguza mwendo kwanza, unashuka, unapita kwa ndani kwenye duara fupi, halafu ndiyo unapanda tena kumkuta.

Hata wataalamu walikwama. Juni 1965 James McDivitt, rubani wa Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi yake mwenyewe kwa kukilenga tu na kusukuma. Mafuta yakaenda, kipande hakikushikika. Desemba mwaka huohuo Gemini 6A ikaikuta Gemini 7, safari hiyo kwa kufuata hesabu.

Najua mtakachosema: gemu ndogo, mashine za kafe dhaifu, tusidai makubwa. Hapo ndipo nabisha kabisa. Spacewar! ya mwaka 1962, moja ya gemu za kwanza kabisa za kompyuta, iliandikwa pale MIT kwenye mashine ya PDP-1 ambayo kumbukumbu yake haitoshi hata picha moja ya simu yako. Na katikati ya kioo kulikuwa na nyota inayovuta vyombo! Risasi tu ndizo hazikuvutwa, maana mashine ilizidiwa. Mashine chakavu kuliko zote hapa mtaani inaizidi ile mara maelfu. Tatizo si uwezo jamani, ni uvivu.

Nilijaribu mwenyewe, Notepad na JavaScript basi. Kila hatua unapima umbali hadi katikati ya dunia, unapata nguvu ya mvutano (umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo), unarekebisha mwendo, unasogeza chombo. Haifiki mistari kumi. Mara ya kwanza chombo changu kilizunguka huku kikijitanua mpaka kikatoka nje ya kioo. Nililipia saa mbili nzima kutafuta kosa! Kumbe nilikuwa nasogeza chombo kwa mwendo wa zamani ndipo naurekebisha. Nikabadilisha mistari miwili nafasi, duara likatulia.

Wakati mzuri wa kurekebisha ndio huu. Flash ilipozimwa mwisho wa 2020 gemu kibao zilikufa nayo, na mpya zinaandikwa kwa JavaScript. Ila nyingi zimerithi uongo uleule. Hata OGame, ya tangu 2002, sayari zake zimekaa palepale kama viti vya kanisani, unatuma meli siku yoyote. Sayari za kweli zinatembea. Ndiyo maana Julai 2020 Falme za Kiarabu, China na Marekani zote zilirusha vyombo kwenda Mars mwezi mmoja. Hawakupangiana, nafasi yenyewe hutokea kila baada ya miezi 26 hivi.

Mtu atasema gemu ni gemu tu. Kumbukeni Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya roketi. Mitaani swali likawa nani katuangushia, kama vile mtu kasimama juu ya vichwa vyetu akaachia jiwe. Kwenye gemu ndivyo ilivyo, ukiachia kitu kinashuka wima. Kule juu ukikiachia kinaendelea kwenda na wewe, mpaka mwendo wake upunguzwe, na kazi hiyo mara nyingi inafanywa na hewa nyembamba, polepole, hata kwa miaka. Kikianza kushuka, ukikosea saa yake kwa dakika moja umekosea zaidi ya kilomita 450, sawa na Dar hadi Dodoma kwa barabara.

Na hapo kuna pesa. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha inawajibika kulipa hasara ya ardhini. Lakini lazima kwanza ujue chuma ni cha nani, na njia mojawapo ya kujua ni kurudisha hesabu ya mzunguko nyuma. Asiyeijua atasubiri kuambiwa.

Yule mshkaji nimempa gemu yangu jana. Kakikosa kituo mara nne kwa kukanyaga mafuta. Ya tano akapunguza mwendo, akaanza kukisogelea, muda wake wa kafe ukaisha.