Dawa Ikishathibitishwa, Ni Zamu ya Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekosa masomo siku tatu au nne karibu kila mwezi. Aliporudi alisema viungo vilimuuma. Katika ripoti yake niliandika neno moja: mvivu. Mama yake alipofika shuleni ndipo nilipojua kwamba kijana yule alizaliwa na selimundu. Ripoti ilikwisha kusomwa nyumbani.

Neno selimundu limeundwa kwa seli na mundu, kile chombo cha kukatia majani chenye makali yaliyopinda. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo na laini, hupinda ikafanana na mundu, ikakwama mishipani na kuziba njia ya damu. Maumivu yake hayana mfano. Mtoto huurithi ugonjwa huu kwa baba na mama pamoja, ingawa wao wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. (Wanaomlaumu mama peke yake, na ni wengi katika vijiji vyetu, hawana hoja.) Hapa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, baada ya kupima sampuli karibu 100,000 za damu ya watoto wachanga, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walibeba chembe hiyo ya urithi na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Dawa iitwayo haidroksiyurea imetumiwa Marekani kwa wagonjwa wa selimundu tangu miaka ya 1990. Kwa nini basi watoto wetu hawakupewa? Madaktari walikuwa na hofu ya haki: dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na sisi tunaishi na malaria. Huenda ingewaua iliokusudiwa kuwaponya. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa maneno. Huondolewa kwa utafiti. Ulifanyika Kampala kwa watoto wadogo zaidi ya 200, na malaria haikuongezeka. Kisha Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto 606 walitumia dawa hiyo, na matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018: vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ikapungua kwa takribani theluthi mbili, vifo vikapungua, hata malaria yenyewe ikapungua.

Najua wapo wanaosikia neno majaribio wakawaza watoto wa maskini wakigeuzwa panya wa maabara. Siwacheki. Ndiyo maana napenda mwanafunzi wa Kiswahili atofautishe kukubali na kuridhia. Mzazi aliyechoka, mbele ya daktari mwenye koti jeupe, hukubali upesi. Huridhia pale tu alipoelezwa kwa lugha anayoiota usiku, akauliza, na akajua kwamba anaweza kumwondoa mwanawe siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Fomu isiyosomeka ni hila, hata ikiwa na sahihi.

Lakini hoja yangu kubwa si hiyo. Wazazi wa Mbale na Kinshasa waliwatoa watoto wao ili jibu lipatikane, nalo limepatikana. Deni limehama kutoka kwa watafiti likaja kwa serikali zetu, na kwetu sisi tunaolipa kodi na kupiga kura. Dawa ni kidonge au kapsuli ya kumezwa kila siku, na anayeitumia huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Si mashine ya mabilioni. Mtoto aliye mbali na mji mkuu akiikosa, sasa hatuwezi kusema kwamba sayansi haijui. Tuseme kwamba hatujaamua kumnunulia. Nami sioni udhuru wa uamuzi huo.

Kwa hiyo insha ya wiki hii ni barua rasmi kwa afisa wa afya wa wilaya yako. Muulize mambo matatu: je, watoto wachanga hupimwa selimundu katika hospitali ya wilaya? Je, haidroksiyurea ipo katika stoo ya dawa leo, si mwezi ujao? Na mzazi huilipia kiasi gani? Tumia lugha ya heshima, lakini usiombe radhi kwa kuuliza. Nitazisahihisha Jumatatu, na zile zilizoandikwa vyema tutazipeleka.